Rangi Juu ya Jakaranda: Pambo la Mbao na Mti wa Krismasi Jijini London

Pambo la mbao la mti wa Krismasi ni kitu kidogo kinachochongwa, kinachokerezwa au kinachokatwa kwa msumeno mwembamba, kisha kikapigwa msasa, kikapakwa rangi na kutundikwa tawini kwa uzi, na kwa kawaida hakizidi urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima. Udogo huo ndio unaowafanya wengi wakipite bila kukitazama, ilhali ndani yake mna habari za misitu, za vita, za biashara na za mafundi ambao hawakupata kuuona mti uliotundikwa kazi yao. London ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa kuwa kila Desemba jiji hilo hujaa mapambo ya namna hiyo, na msafiri anayetoka Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuyatazama kwa karibu, maana baadhi yake yametoka kwao.

Uwanja wa Trafalgar unafaa kuwa kituo cha kwanza kwa sababu ya kile kisichoonekana pale. Kila mwaka tangu 1947, mji wa Oslo huwapelekea watu wa London mti mmoja mrefu kuwa shukrani kwa msaada wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili, wakati Mfalme Haakon wa Saba na serikali ya Norwei walipoishi uhamishoni jijini humo. Mti wenyewe ni sprusi, ambao ni wa jamii moja na misonobari, na kwa kawaida urefu wake hupita mita 20. Taa zake hushushwa kwa mistari iliyonyooka kutoka kileleni hadi chini, kwa desturi ya Norwei, wala hauna tufe, malaika wala mnyama yeyote wa mbao. Wageni wengine huusikitikia mti huo wakidhani umesahauliwa kupambwa. Lakini kwa anayetafuta asili ya mapambo, mti usio na mapambo ni mwanzo mwema, kwa sababu unamlazimisha aulize ni lini watu walianza kutundika vitu mtini na kwa nini.

Mti wa Krismasi si desturi ya kale ya Waingereza, bali uliingia kutoka nchi za Wajerumani kupitia nyumba ya kifalme. Malkia Charlotte, mke wa George wa Tatu na mzaliwa wa Mecklenburg-Strelitz, alisimamisha mti wa aina ya yew huko Windsor mnamo Desemba 1800, ukiwa umetundikwa peremende, lozi, zabibu kavu, vitu vya kuchezea watoto na mishumaa. Mtindo huo wa jumba la kifalme ulienea kwa watu wa kawaida baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapisha, mwaka 1848, mchoro wa Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiwa wameuzunguka mti uliopambwa. Ukiangalia vilivyotundikwa katika miti hiyo ya mwanzo, utaona kwamba, ukiacha mishumaa, vyote vilikuwa vya kuliwa au vya kuchezewa, yaani zawadi za watoto zilizosubiri kuchumwa kama matunda. Pambo la leo, ambalo haliliwi wala halichezewi, ni mrithi wa zawadi hizo, na ndiyo maana mpaka sasa lina umbo la mnyama, la ngoma, la farasi au la tunda. Msomaji wa Afrika Mashariki anajua mti wa Krismasi wa namna mbili: tawi la mvinje au la mtarakwa lililokatwa na kusimamishwa ndani ya debe la mchanga, na ule mkrismasi wenye maua mekundu, ambao huchanua wenyewe Desemba bila kupambwa na mtu yeyote.

Kutoka Trafalgar ni mwendo mfupi wa miguu hadi kanisa la Mtakatifu James lililoko barabara ya Piccadilly, ambamo nyuma ya altare mna maua, matunda na ndege waliochongwa na Grinling Gibbons. Mchongaji huyo alizaliwa Rotterdam mwaka 1648, akahamia Uingereza akiwa kijana, akafanya kazi Deptford kabla ya umaarufu wake kufika kwa mfalme, na alifariki London mwaka 1721. Mbao aliyoipenda ni ya mti uitwao linden, mbao nyeupe iliyo laini, yenye nyuzi sawasawa zisizopingana na patasi, na kwa sababu hiyo inaweza kuchongwa hadi ikawa nyembamba kama jani. Mafundi wengi wa Ulaya wanaochonga mapambo kwa mkono wanaitumia mbao hiyohiyo mpaka leo. Katika kazi hii sifa zinazotafutwa ni tatu: mbao iwe nyepesi ili isiinamishe tawi, iwe na nyuzi za karibukaribu ili isikatike pale palipo pembamba, na iwe na weupe wa kupokea rangi bila kuibadilisha. Hata uchaguzi wa mti wa sebuleni unahusika, kwa sababu nyumba nyingi za London siku hizi hununua mti wa aina ya Nordmann, ambao asili yake ni milima ya Kaukasi, na ambao matawi yake magumu hubeba pambo la mbao bila kulegea.

Namna ya pili ya kulipata umbo ni kukereza. Kerezo ni chombo kinachokizungusha kipande cha mbao huku fundi akishikilia patasi iliyotulia, hivi kwamba mbao ndiyo inayoyaendea makali ya chuma, na kila kinachotoka huwa cha mviringo: tufe, kengele, pia, kofia ya uyoga. Jijini London wakereza wana chama chao cha kale kilichopewa hati ya kifalme na James wa Kwanza mwaka 1604. Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na wakereza wake, na anayetaka ushahidi na atazame matendegu ya vitanda vya kale vya Lamu, yaani miguu yake, yenye mapingili na vishingo vilivyotoka kerezoni. Lugha imeihifadhi kazi hiyo kwa neno lake yenyewe, na inasikitisha kuona vitabu vya ufundi vikilikwepa neno hilo na kuazima jingine. Msasa nao ni hivyohivyo: kabla ya kuwa jina la karatasi yenye mchanga inayouzwa madukani, ulikuwa, na bado ni, jina la mti ambao majani yake makavu yana ukali wa kutosha kulainisha mbao.

Kukereza kulizaa ustadi wa ajabu katika milima ya Erzgebirge ya Saksonia, nchini Ujerumani, hasa katika kijiji cha Seiffen, ambako wachimbaji wa madini ya bati waligeukia mbao kadiri migodi ilivyodhoofika. Fundi wa huko huchukua gogo bichi la sprusi, akalikereza kuwa duara lenye tundu katikati, mfano wa pete kubwa, akilipa ukingo wake mabonde na vilima ambavyo mtazamaji asiyejua haoni maana yake. Kisha huipasua pete hiyo kwa kisu na nyundo, kama mtu anayekata vipande vya keki, na kila kipande kinapoanguka huonekana kina umbo la mnyama aliyekamilika: mgongo, shingo, tumbo, miguu. Pete moja hutoa wanyama kwa makumi, wote wa sura moja, na baada ya hapo kisu huwaondolea pembe kali, masikio hubandikwa kwa gundi, na wapakaji huwatia rangi. Katika karne ya 19 wanyama wa namna hii walisafirishwa kwa wingi hadi Uingereza wakiwa ndani ya safina za Nuhu za mbao, na makumbusho ya watoto yaliyoko Bethnal Green, mashariki mwa London, ambayo yalifunguliwa mwaka 1872 na sasa huitwa Young V&A, ni mahali pa kwenda kwa anayetaka kuviona vitu vya kuchezea vya enzi hizo. Inafikirisha kwamba watu wa milima yenye theluji, ambao wengi wao hawakupata kumwona tembo wala twiga, waliwachonga wanyama hao kwa maelfu kwa ajili ya watoto ambao wengi wao nao hawakuwa wamewaona.

Karibu na hapo, mtaani Hoxton, yapo Makumbusho ya Nyumba, yaliyoanzishwa mwaka 1914 ndani ya majengo ya 1714 yaliyojengwa kuwa makao ya maskini kwa wasia wa Robert Geffrye, mfanyabiashara ambaye sehemu ya mali yake ilitokana na biashara ya watumwa. Kila majira ya baridi vyumba vyake hupambwa kwa desturi za enzi mbalimbali, na anayevipitia kwa mpangilio huona jinsi mti wenyewe ulivyochelewa kuingia sebuleni mwa Mwingereza.

Pambo la mbao lililotoka Afrika Mashariki halipatikani sana makumbushoni. Mahali pake ni vibanda vya masoko ya Desemba na maduka ya biashara ya haki, yaani biashara ambayo mnunuzi huahidi kumlipa mtengenezaji bei inayomwezesha kuishi. Hapo ndipo msafiri anapomkuta twiga wa Kenya. Twiga huyo ana urefu wa sentimita tisa hivi, shingo yake imeinama kidogo mbele, na mgongoni ana kishikizo cha waya kilichopitishwa uzi mwekundu. Ukimgeuza, chini ya tumbo, mahali ambapo msasa haukufika vizuri, utaona mapigo ya kisu: bapa ndogondogo zilizofuatana kama magamba ya samaki, kila moja ikiwa ni mkato mmoja wa mkono. Madoa yake hayakupakwa kwa brashi. Yamegongwa kwa ncha butu, kichwa cha msumari au kitako cha brashi kilichochovywa rangini, na ndiyo sababu kila doa lina ukingo ulioinuka na shimo dogo katikati, na madoa yanapungua ukubwa kadiri rangi ilivyokuwa ikiisha kwenye ncha kabla haijachovywa tena. Kwa hiyo anayetazama vizuri anaweza kuufuata mwendo wa mkono: ulianzia begani, ukashuka ubavuni, ukachovya, ukaanza tena shingoni. Kibandiko kilicho kwatoni kinataja nchi, lakini jina la fundi hakina.

Kazi hiyo haikuanzia kwenye Krismasi. Uchongaji wa biashara miongoni mwa Wakamba huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, katika eneo la Machakos, aliyechukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza na kufika Tanganyika, ambako alijifunza uchongaji kwa mafundi wa huko, akarudi nao kwao na kuufundisha. Kikosi hicho cha wapagazi kiliacha jina lake katika miji miwili, kwa kuwa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na matamshi ya jina lake la Kiingereza. Kutoka Wamunyu ufundi ulienea hadi Nairobi na Mombasa, na mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa walianzisha chama cha ushirika ambacho makao yake yako Changamwe. Wateja wao wa kwanza walikuwa walowezi, askari na watalii, kisha wakaja waagizaji wa ng'ambo, na ni waagizaji hao walioleta ombi la kitu chepesi, kidogo, chenye kitanzi. Mchongaji hakuurithi mti wa Krismasi kutoka kwa babu zake. Aliupokea kama oda, akautilia twiga, punda milia na kiboko, na kwa kufanya hivyo akamrudisha mtini yule mnyama ambaye fundi wa Seiffen alimchonga bila kumjua. Safari hii aliyemchonga anatoka katika nchi ya twiga, na asichokijua ni theluji.

Suala la mbao linaeleweka vizuri zaidi katika kituo cha mwisho cha matembezi haya, Bustani ya Mimea ya Kifalme ya Kew, kusini magharibi mwa jiji, ambayo Desemba hujaa watu wanaokwenda kuangalia taa zinazotundikwa mitini. Kwa miaka mingi mchongaji wa Kenya alitegemea muhuhu na mpingo, miti mizito, migumu, inayokua polepole mno, na kadiri biashara ilivyokua muhuhu ulianza kutoweka katika misitu ya pwani na ya Nairobi. Katika miaka ya 1990 mpango wa pamoja wa WWF, UNESCO na Kew, uliochunguza jinsi watu wanavyotumia mimea, uliifuatilia hali hiyo, na pakatokea wito wa kuzitumia mbao ambazo waliouanzisha waliziita mbao njema: mwarobaini, mwembe, mgrevilea na jakaranda, yaani miti inayokua haraka mashambani na mitaani bila kuuibia msitu. Jakaranda ililetwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini kwa ajili ya maua yake ya zambarau, na Nairobi inaijua kama mti wa kivuli barabarani. Mbao yake ni ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa chai kidogo, nyepesi, laini, na ina takriban kila sifa aliyoitafuta Gibbons katika mbao ya linden.

Upungufu wake mmoja ni kwamba haina uzuri wa kutosha kuachwa tupu. Muhuhu una harufu na rangi ya asali, mpingo una weusi wa kung'aa. Jakaranda, ikiachwa ilivyo, hupauka. Hivyo rangi ya dukani ikawa sharti la mbao hiyo kuuzika, na hapa ndipo ulipo msingi wa hoja ya makala haya. Wapo wanunuzi wa London, watu wenye elimu na nia njema, wanaokipita kibanda cha mapambo yenye rangi kwa kuamini kwamba kazi halisi ya Kiafrika ni ile nyeusi isiyopakwa kitu. Imani hiyo imeleta madhara. Imeongeza shinikizo juu ya mpingo, mti unaohitaji miongo kadhaa kabla ya kufaa na ambao pia unahitajika kwa klarineti na zumari za okestra, na imewafunza wauzaji kuipaka mbao nyeupe dawa ya viatu ili ipite kama mpingo. Twiga wa madoa ya njano na kahawia hamdanganyi mtu: anasema wazi kwamba amepakwa, na chini ya rangi hiyo mna mti uliopandwa na mtu, uliokatwa na mtu, na ambao unaweza kupandwa tena. Wamakonde wamefanya maajabu kwa mpingo mtupu, na heshima yao haipungui kwa kusema hivi; lakini kitu kinachotundikwa siku chache kwa mwaka hakistahili kuugharimu msitu mti wa miaka 70. Tangu Januari 2017 mpingo umo katika orodha ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na ingawa tangu 2019 mizigo midogo ya bidhaa zilizokamilika imepewa nafuu, jakaranda haina mzigo huo kabisa.

Mbao hiyo inamdai fundi subira. Jakaranda huchongwa ikiwa bado mbichi kwa sababu ndipo inapokuwa laini zaidi, na maji yaliyomo hutoka baadaye. Mbao inapokauka husinyaa zaidi kwa kuuzunguka moyo wa gogo kuliko kwa kuelekea moyoni, karibu mara mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayoipasua. Kipande kilichokaushwa kwa haraka Mombasa, mahali penye unyevu mwingi, kikifika kwenye sebule ya London ambayo hupashwa joto mchana kutwa na hewa yake imekauka, huendelea kutoa maji na kufunguka ufa. Fundi mzuri hujikinga kwa kuondoa kiini cha gogo kabla ya kuchonga, kwa kuweka kazi kivulini majuma kadhaa, na kwa kutopaka rangi mpaka kipande kigongwe na kutoa sauti kavu. Baadaye hupita msasa wa chembe kubwa, kisha wa chembe ndogo, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu ili nyuzi zisimame, akapita tena msasa laini, ndipo akapaka rangi ya kwanza, nyembamba, ya kuziba vinyweleo vya mbao. Rangi za juu huja moja moja, kila moja ikingoja iliyotangulia ikauke, na vanishi humalizia. Mapambo madogo yana bahati kuliko sanamu kubwa, kwa sababu wembamba wake huyakausha sawasawa.

Rangi yenyewe nayo inahitaji uangalifu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2011 kuhusu usalama wa vitu vya kuchezea haiyahesabu mapambo ya sikukuu kuwa vitu vya kuchezea, lakini mtoto hajui sheria, na twiga aliyefikiwa na mkono mdogo atakwenda kinywani. Kwa hiyo mwagizaji anayejali hudai rangi ya maji isiyo na risasi, na hiyo ni gharama ambayo inafaa iwemo katika bei anayolipwa fundi, isikatwe katika ujira wake.

Katika nyumba za Waafrika Mashariki wanaoishi London, mapambo haya hukaa kwenye tawi moja na tufe za vioo na nyota za plastiki, na huondolewa pamoja navyo ifikapo tarehe 6 Januari, siku ambayo Waingereza wengi huihesabu kuwa mwisho wa sikukuu. Mti wa Trafalgar hushushwa wakati huohuo na kusagwa kuwa matandazo ya bustani. Twiga wa jakaranda hufunguliwa uzi, akafutwa vumbi, akaviringishwa katika karatasi ya gazeti, kisha akawekwa ndani ya kisanduku, mbali na ukuta wenye bomba la maji moto, mpaka Desemba nyingine.